Swichi ya Matabaka Mengi Inapokwama: Kutoka Dalili hadi Chanzo

Malalamiko humfikia fundi wa mtandao yakiwa mafupi: mfumo wa malipo haufunguki, intaneti imekuwa nzito, printa ya ghorofa ya pili haionekani. Katika jengo ambalo katikati yake kuna swichi ya matabaka mengi, malalamiko hayo matatu yanaweza kuwa na chanzo kimoja, na yanaweza pia kuwa na vyanzo vitatu visivyojuana, kwa sababu kifaa hicho kimoja kinafanya kazi ambazo zamani ziligawanywa kwa vifaa viwili. Ndani ya VLAN moja, yaani mtandao mmoja uliotengwa ndani ya swichi, kinapitisha fremu (vifurushi vya data) kwa kutazama anwani ya MAC, ile ya kadi ya mtandao yenyewe, kama swichi yoyote ya tabaka la 2. Kati ya VLAN na VLAN kinaelekeza pakiti kwa kutazama anwani ya IP, kama rauta. Fundi asiyejua ni kazi ipi kati ya hizo mbili imeharibika atabadilisha nyaya siku nzima, kumbe kosa liko kwenye mstari mmoja wa mipangilio.

Amri nilizotumia hapa ni za swichi za Cisco Catalyst zenye IOS, mfumo wa uendeshaji wa Cisco, kwa kuwa ndizo ninazozishika kila siku. Swichi za kampuni nyingine zina amri tofauti, lakini mantiki ya uchunguzi ni ileile.

Safari ya pakiti moja

Tuchukue chuo chenye VLAN 10 ya uhasibu, mtandao wake 10.20.10.0/24, na VLAN 20 ya seva, mtandao wake 10.20.20.0/24. Kompyuta ya mhasibu, 10.20.10.57, inaitafuta seva 10.20.20.5. Kwanza kompyuta inapima anwani ya seva kwa maski yake (namba inayoonyesha ni sehemu ipi ya anwani inayotaja mtandao) na kugundua kwamba seva haimo katika mtandao wake, hivyo inatangaza swali la ARP, la kuuliza IP fulani ina MAC ipi, ili kupata anwani ya MAC ya lango lake, 10.20.10.1. Lango hilo si kifaa cha pembeni. Ni kiolesura cha VLAN 10 kilichomo ndani ya swichi yenyewe.

Fremu inapoingia ikiwa imeandikiwa MAC ya swichi, chipu ya swichi inatambua kwamba hii ni ya kuelekezwa. Inaitafuta anwani ya IP ya mwisho katika jedwali lililopakiwa kwenye TCAM, kumbukumbu ya utafutaji wa haraka, inachagua njia inayolingana kwa biti nyingi zaidi, inasoma rekodi ya jirani anayefuata, kisha inaandika upya MAC ya mtumaji na ya mpokeaji, inapunguza TTL (idadi ya hatua ambazo pakiti bado inaruhusiwa kupita) kwa 1 na kurekebisha hesabu ya ukaguzi ya kichwa cha pakiti. Yote hayo hufanyika ndani ya chipu, na prosesa ya swichi haijui kama pakiti hiyo imepita. Kazi ya prosesa ni kujifunza njia, kuuliza ARP na kuipakia chipu majibu.

Kutokana na hapo, pakiti hufika salama pale tu mambo mawili yanapotimia: majedwali matatu, yaani la njia, la ARP na la MAC, yawe yanasema jambo moja, na pakiti isitupwe nje ya chipu ikaangukia kwenye prosesa. Dalili nyingi zilizo hapa chini zinarudi kwenye mojawapo ya hayo.

Kompyuta haifiki hata kwenye lango lake

Pingi 10.20.10.1, yaani itumie pakiti ya majaribio, kutoka kwenye kompyuta ya mhasibu. Isipojibu, andika `arp -a`. Kama MAC ya lango haimo, usipoteze muda na njia za IP, maana tatizo liko tabaka la 2, mahali fulani kati ya poti ya kompyuta na swichi ya katikati.

Sehemu inayokosewa mara nyingi ni tranki, kiungo kinachobeba VLAN nyingi kati ya swichi na swichi. Amri ya `show interfaces trunk` inatoa orodha kadhaa, na wengi husoma ile inayoonyesha VLAN zilizoruhusiwa, wakaridhika. Isome orodha ya mwisho, inayotaja VLAN ambazo spanning tree (itifaki inayofunga baadhi ya poti ili fremu zisizunguke bila mwisho) imezifungulia njia, kwa sababu VLAN inaweza kuwa imeruhusiwa na bado isipite. Niliwahi kuitwa chuoni jioni baada ya mwenzetu kuongeza VLAN 30 ya maabara mpya. Aliandika `switchport trunk allowed vlan 30`, akabonyeza Enter, na jengo zima la utawala likanyamaza papo hapo. Neno `add` lilikosekana, na bila neno hilo amri haiongezi VLAN kwenye orodha, bali inaifuta orodha yote na kuiacha VLAN 30 peke yake. Mtu yeyote anayegusa tranki inayofanya kazi aizoee tofauti hiyo kabla hajaweka vidole kwenye kibodi.

Kama kompyuta imejipa anwani inayoanza na 169.254, basi haikumpata mgawaji wa anwani. Ombi la DHCP, huduma ya kugawa anwani, ni tangazo, na tangazo halivuki VLAN, kwa hiyo kiolesura cha VLAN kinahitaji `ip helper-address` yenye anwani ya seva ya DHCP. Swichi huligeuza tangazo kuwa pakiti ya kawaida na kuweka ndani yake anwani ya kiolesura hicho, na seva hutumia anwani hiyo kuchagua fungu la kugawa. Seva nayo lazima iwe na njia ya kuirudia anwani hiyo, la sivyo jibu litapotea njiani. Ikiwa mambo hayo yote yako sawa na bado kompyuta inakosa anwani inapowashwa tu, huku ikiipata mtumiaji anapoomba upya baada ya dakika moja, angalia kama poti ina `spanning-tree portfast`. Bila hiyo, spanning tree ya kawaida huishikilia poti kwa sekunde 30 kabla ya kuifungua, na baadhi ya kompyuta hukata tamaa mapema.

Kiolesura cha VLAN kinakataa kuamka

Katika `show ip interface brief` utaona Vlan20 ikiwa na maneno `administratively down`, na hapo dawa ni `no shutdown`, yamekwisha. Kinachosumbua ni pale ambapo hakuna aliyekizima, lakini itifaki yake inabaki chini.

Kiolesura cha VLAN hakina waya wake. Kinaishi kwa kutegemea VLAN yenyewe, na ili kiamke inabidi VLAN iwepo katika hifadhidata ya swichi, isiwe imezimwa, na iwe na angalau poti moja, ya kawaida au ya tranki, iliyo hai na ambayo spanning tree imeifungua kwa VLAN hiyo. Ukiunda VLAN 20 na kiolesura chake kabla ya kuchomeka hata kifaa kimoja, kitabaki chini, na hilo si kosa.

Mtego mkubwa zaidi hujitokeza swichi inapobadilishwa. Umeme umekatika na kurudi kwa kishindo, swichi ya katikati imeungua, fundi anachukua swichi ya akiba na kumimina ndani yake nakala ya mipangilio aliyoihifadhi. Violesura vyote vipo, anwani zote zipo, tranki zote zipo, na bado hakuna VLAN inayoamka. Sababu ni kwamba swichi iliyo katika hali ya seva ya VTP (itifaki ya Cisco ya kusambaza orodha ya VLAN kati ya swichi) haiandiki VLAN za kawaida ndani ya faili la mipangilio, bali huziweka katika faili la pembeni linaloitwa `vlan.dat`, ambalo halikuwamo kwenye nakala. Swichi yenye poti za kawaida huweza kujiundia VLAN pale poti inapopangiwa VLAN isiyokuwepo, lakini swichi ya katikati yenye tranki peke yake haina wa kuikumbusha. Andika `show vlan brief`. Ukikuta VLAN 1 na zile za akiba kuanzia 1002 tu, umeshakijua chanzo. Ziunde VLAN kwa mkono, na kuanzia siku hiyo hifadhi orodha yake pamoja na nakala ya mipangilio.

Kila kompyuta inafika langoni, lakini haivuki

Hapa swichi yenyewe hudanganya. Ukiingia ndani yake na kupingi VLAN 10 utapata jibu, ukipingi VLAN 20 utapata jibu, ukahitimisha kwamba uelekezaji unafanya kazi. Lakini swichi ina mguu katika kila VLAN, hivyo haihitaji kuelekeza chochote ili ifike. Thibitisha kwa `show ip route`. Ukiona, badala ya orodha ya njia, mistari michache inayotaja `Default gateway` na `ICMP redirect cache is empty`, basi uelekezaji haujawashwa na swichi inaishi kama kompyuta ya kawaida. Amri inayokosekana ni `ip routing`. Catalyst 2960 huikubali amri hiyo baada ya kuchagua kiolezo cha kumbukumbu cha `lanbase-routing` na kuiwasha upya swichi.

Baada ya kuwasha uelekezaji, wengine hupoteza ghafla uwezo wa kuingia kwenye swichi wakiwa mbali. Mstari wa `ip default-gateway` waliouandika zamani hausomwi tena uelekezaji ukiwashwa, na nafasi yake inachukuliwa na njia ya msingi, kwa mfano `ip route 0.0.0.0 0.0.0.0 10.20.99.1`. Iandike njia hiyo kwanza, kisha ndipo uwashe uelekezaji.

Kuna hali ya tatu ambayo naamini imewapotezea mafundi saa nyingi kuliko nyingine zote: VLAN mpya inazungumza vizuri na VLAN nyingine zote za ndani, ila haitoki nje. Fundi anachunguza swichi, na swichi haina kosa, kwa sababu pakiti imetoka salama na ni jibu ndilo lililokosa njia. Faiawoli iliyo mbele, yaani kifaa cha ulinzi kati ya mtandao wa ndani na intaneti, haijaambiwa kwamba 10.20.30.0/24 iko nyuma ya swichi, au kanuni yake ya kutafsiri anwani inataja VLAN za zamani tu. Kipimo chake ni rahisi. Ukiwa ndani ya swichi, pingi anwani ya nje bila kutaja chanzo, halafu rudia kwa `ping 8.8.8.8 source vlan 30`. Ya kwanza ikijibu na ya pili isijibu, acha swichi na uende kwenye faiawoli.

Kuhusu orodha za ruhusa zilizowekwa kwenye kiolesura cha VLAN, kumbuka tu kwamba `in` maana yake ni pakiti zinazotoka kwa kompyuta za VLAN hiyo kuingia kwenye swichi, na kwamba mwisho wa kila orodha kuna katazo lisiloandikwa.

Kompyuta chache tu ndizo zinazoathirika

Katika VLAN ileile, kwenye swichi ileile, kompyuta tatu hazifiki kwenye seva na arobaini zinafika. Angalia maski. Kompyuta yenye 255.255.0.0 badala ya 255.255.255.0 inaamini kwamba 10.20.20.5 ni jirani yake, kwa hiyo inatangaza ARP ya kuitafuta seva moja kwa moja badala ya kupitia langoni. Kosa hilo linaweza kujificha kwa miaka, kwa kuwa kiolesura cha VLAN kwa kawaida huwashwa kikiwa na huduma ya kujibu ARP kwa niaba ya wengine, na swichi hujibu swali hilo kwa kutoa MAC yake yenyewe. Mambo yanakwenda. Siku ambayo mtu anaandika `no ip proxy-arp` kwa ajili ya usalama, ni kompyuta zenye maski mbovu tu ndizo zinazokatika, na lawama zote zinamwangukia yeye, ingawa kosa liliwekwa zamani. Ushahidi uko katika `arp -a` kabla ya mabadiliko: anwani nyingi za VLAN nyingine, zote zikiwa na MAC moja.

Mtandao mzito, prosesa imechemka

Kabla ya yote, usiupime uzito wa mtandao kwa kuipingi swichi. Pingi iliyoandikiwa swichi hujibiwa na prosesa, tena kwa kipaumbele cha chini, na inaweza kuchelewa huku pakiti za watumiaji zikipita kwenye chipu bila shida yoyote. Pingi kifaa kilicho upande wa pili.

Kisha andika `show processes cpu sorted`. Mstari wa kwanza unatoa tarakimu mbili kwa sekunde tano zilizopita, kwa mfano 92%/61%. Ya kwanza ni jumla. Ya pili ni sehemu inayotumika kuhudumia ukatizaji (maombi yanayoisimamisha prosesa ili ishughulikie jambo papo hapo), na ikiwa kubwa hivyo maana yake pakiti zinamiminika kwa prosesa. Ikiwa mchakato unaoongoza orodha ni `IP Input`, kuna pakiti zinazoelekezwa na prosesa badala ya chipu. Ukiwa `ARP Input`, kuna maswali ya ARP kupita kiasi.

Katika safu za Catalyst 3560 na 3750, tazama kwanza `show sdm prefer`. Kumbukumbu ya TCAM hugawanywa kwa violezo, na kiolezo cha VLAN hutoa nafasi kubwa kwa anwani za MAC huku kikizinyima njia za IP nafasi yao. Swichi iliyoachwa na kiolezo hicho kisha ikapewa kazi ya kuelekeza itaelekeza kwa prosesa, polepole na kwa taabu. Kubadilisha kiolezo kunahitaji kuiwasha upya swichi, kwa hiyo panga muda na watumiaji.

Chanzo kingine ni mpangilio wa faiawoli. Ikiwekwa ndani ya VLAN 10 pamoja na watumiaji, kila pakiti ya kwenda nje inaingia kwenye swichi kupitia VLAN 10 na kurudi ndani ya VLAN 10 ileile. Swichi inaona kwamba mtumiaji angeweza kwenda kwa faiawoli moja kwa moja, na nakala za pakiti zinapelekwa kwa prosesa ili imtumie ujumbe wa kumwelekeza upya. `no ip redirects` kwenye kiolesura hutuliza homa hiyo, lakini tiba kamili ni kuipa faiawoli VLAN yake ya kupitia, isiyo na watumiaji.

Na kuna njia ya msingi iliyoandikwa kwa kutaja kiolesura bila kutaja kituo kinachofuata: `ip route 0.0.0.0 0.0.0.0 Vlan99`. Swichi inaelewa kwamba dunia nzima imeunganishwa moja kwa moja na VLAN 99, hivyo inauliza ARP kwa kila anwani ya intaneti ambayo watumiaji wanaitafuta. Ukifungua `show ip arp vlan 99` utakuta mamia au maelfu ya anwani za nje, zote na MAC ya faiawoli. Andika anwani ya kituo kinachofuata, futa mstari wa zamani, na utaiona prosesa ikishuka ukiwa umekaa palepale.

Mtandao mzito, prosesa imepoa

Hii ndiyo dalili ninayoiheshimu kuliko zote, kwa sababu kila kipimo cha kawaida kinasema mambo ni mazuri. Prosesa iko chini, njia zipo, ARP ipo, hakuna poti yenye makosa. Lakini taa za poti zote za VLAN 20 zinapepesa kwa pamoja, hata za kompyuta ambazo hakuna anayezitumia. Weka programu ya kunasa pakiti kwenye kompyuta yoyote ya VLAN hiyo: ukiona mazungumzo ya watu wengine, fremu zilizoandikiwa MAC ambayo si yako wala si tangazo, basi swichi inazimwaga fremu kwenye kila poti.

Swichi humwaga fremu pale isipojua MAC ya mpokeaji iko poti ipi. Swali ni kwa nini isijue wakati ARP yake inayo MAC hiyo. Jibu liko katika saa mbili zisizolingana: jedwali la MAC husahau baada ya sekunde 300 kama halijasikia fremu kutoka kwa kifaa hicho, lakini jedwali la ARP hukumbuka kwa saa 4, yaani sekunde 14,400.

Tatizo hukomaa palipo na swichi mbili za katikati zinazogawana kazi ya lango kwa HSRP, itifaki ya Cisco ya swichi kushirikiana anwani ya lango. Tuseme swichi A ndiyo lango la VLAN 10 na swichi B ndiyo lango la VLAN 20. Mhasibu anatuma kupitia A, na A, kwa kuwa ina kiolesura cha VLAN 20, inaipeleka pakiti kwa seva bila kupitia B. Seva inajibu kupitia lango lake, B, ambayo inaipeleka kwa mhasibu bila kupitia A. Kwa hiyo A inaituma seva fremu mfululizo lakini haisikii sauti yake. Dakika 5 zikipita, A inaisahau MAC ya seva, na kwa sehemu kubwa ya saa 4 zilizobaki inamwaga kila fremu ya seva hiyo.

Uthibitisho unapatikana kwa kulinganisha: `show ip arp 10.20.20.5` kwenye A inatoa MAC, na `show mac address-table address` ya MAC hiyohiyo inatoka tupu. Dawa ya haraka ni kuzisawazisha saa, ama kwa `mac address-table aging-time 14400`, ama kwa kupunguza `arp timeout` ya kiolesura hadi chini ya 300. Mimi napendelea ya pili, kwa kuwa swali la ARP huilazimisha seva izungumze na majedwali yote mawili yafufuke pamoja. Kama umwagaji unakuja kwa vipindi vifupi badala ya kudumu, tazama hesabu ya mabadiliko katika `show spanning-tree detail`: kila badiliko la umbo la mtandao hupunguza umri wa MAC hadi sekunde 15, na poti ya kompyuta isiyo na portfast huhesabiwa kuwa badiliko kila inapozimwa na kuwashwa.

Majedwali yako sawa, pakiti bado haifiki

Ni nadra, lakini hutokea prosesa ikawa na habari sahihi na rekodi ya kupelekea pakiti ikabaki ya zamani, hasa baada ya seva kuhamishwa au kadi yake ya mtandao kubadilishwa. Andika `show adjacency vlan 20 detail` na uitafute 10.20.20.5. Chini yake kuna mfuatano wa herufi 28. Za kwanza 12 ni MAC ya mpokeaji, 12 zinazofuata ni MAC ya swichi, na 4 za mwisho ni 0800, alama ya IP. Zilinganishe zile 12 za kwanza na MAC iliyoandikwa kwenye seva yenyewe, herufi kwa herufi. Zikitofautiana, futa rekodi ya ARP ya seva hiyo kwa `clear ip arp 10.20.20.5` na uangalie tena. Zikibaki tofauti, au zikawa sawa na pakiti bado haipiti, kosa liko chini zaidi, kati ya IOS na chipu, na kuwasha upya kunaweza kuliondoa kwa muda. Kabla ya kufanya hivyo, nakili matokeo ya amri hizo pamoja na `show version` na `show logging` kwenye faili nje ya swichi, kwa sababu kumbukumbu ya matukio iliyo ndani yake hufutika inapozimika, na mtengenezaji hawezi kusaidia bila hayo.